Minara yenye ilifutwa ndani ya Spider-Man

Mtu mmoja wa promosheni yetu aliniandikia wiki iliyopita: "Weye ni agronome, juu ya nini kila mara unaandika ma filme na ma jeu? Andika mihogo." Mihogo itakuja, ninaahidi. Lakini leo mnivumilie tena kidogo, kwa sababu nimeshinda siku kumi hivi nikifikiri juu ya mchezo mmoja wa video wa zamani, na nimeona unatuhusu sisi watu wa Goma kuliko nilivyodhani.

Mchezo unaitwa Spider-Man 2: Enter Electro. Ni wa PlayStation ya kwanza. Ulitengenezwa na Vicarious Visions, ukauzwa na Activision, mwaka 2001. Wengi wetu tulioko na miaka 27 ao 28 tuliucheza, hata kama tumesahau jina. Mnakumbuka zile nyumba za michezo za kartie: chumba cha mbao, televisheni mbili, benchi moja, maneti yenye kamba imefungwa na sparadra. Unalipa franka mia, ukishindwa unatoka, mudogo mwengine anaingia. Sidii zote zilikuwa za kukopiwa, jina limeandikwa kwa feutre. Yetu iliandikwa tu "SPIDER 2".

Hadithi yake si ngumu. Electro, mwizi mwenye mwili wa umeme, anatafuta chombo chenye kitamuongezea nguvu mpaka hakuna mutu wa kumuweza. Spider-Man anamfuata kutoka paa hadi paa, na njiani anapigana na Shocker, Hammerhead, Sandman na yule Lizard. Mwishoni Electro anapata anachotaka, anawaka mwili mzima, na mnakutana naye juu kabisa ya mji kwa vita ya mwisho. Mimi nilifika pale mara moja tu katika utoto wangu. Nilipigwa, nikatolewa kwenye benchi.

Kitu chenye sikujua wakati ule ni kwamba ile paa ya mwisho haikuwa paa ya kwanza.

Tarehe 11 Septemba 2001, wakati minara miwili ya World Trade Center ilipoangushwa kule New York na karibu watu 3,000 wakafa siku ile, mchezo huu ulikuwa tayari, unangoja tu kutoka. Na vita yake ya mwisho ilikuwa inapiganiwa juu ya minara ile ile. Kampuni ikauzuia mchezo, ikabadilisha ile sehemu, ikaondoa alama za minara, ikautoa Oktoba. Mchezo wenye dunia iliununua, na wenye sisi tuliukopia, ni ule wenye ulibadilishwa. Lakini toleo la kabla ya mabadiliko halikufa. Nakala yake ilibaki, wakusanyaji wa michezo ya zamani wakaihifadhi, na leo inazunguka kwa wenye kujua kutafuta. Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja aliniletea matoleo yote mawili kwenye flash. Tulingoja umeme urudi, tukaweka programu yenye inaiga PlayStation ndani ya ordinateri yangu, tukacheza usiku mzima, hili kisha lile.

Sasa nitoe hukumu yangu, sababu njo kazi nimejipa hapa.

Kama mchezo tu, Enter Electro ni mzuri wa kadiri. Umejengwa juu ya mashine ya Spider-Man ya mwaka 2000 yenye Neversoft walitengeneza, na inaonekana: mwendo ni ule ule, utando ni ule ule, na kamera inakuangusha pale pale ilipokuangushia zamani. Ila kuna kitu kimoja wenye kuutengeneza walikiongeza, na ninaona watu hawakisemi vya kutosha. Katika mchezo wa 2000 haukuweza kushuka chini. Barabara zote za New York zilifunikwa na ukungu, na hadithi ilisema ni gesi ya sumu. Ukweli ni kwamba mashine haikuwa na nguvu ya kuchora barabara. Ulikuwa unaishi juu ya mapaa tu, kama kunguru. Katika Enter Electro, mara kadhaa, unashuka. Unakanyaga lami, unaona gari. Mji unapata sakafu.

Kwa hiyo ukicheza michezo hii miwili kwa kufuatana, unasikia safari: kwanza mji bila ardhi, kisha mji wenye ardhi, kisha, mwisho wa yote, unapanda juu kuliko mahali pote. Na katika toleo lenye halikutoka, huulizi "hapa ni wapi?" Mtu yeyote aliyewahi kuona picha ya New York kabla ya 2001 anajua uko wapi. Minara ile ilikuwa mirefu kuliko majengo yote ya mji. Electro anataka kuwa mkubwa kuliko wote, basi anapanda mahali pa juu kuliko pote. Hakuna maneno yanahitajika. Mahali penyewe panaeleza.

Katika toleo la Oktoba, mnapigania juu ya majengo yenye yamebadilishwa sura na hayana jina. Vita ni ile ile, Electro ni yule yule, maneti inafanya yale yale. Lakini pale juu pamekuwa paa kati ya mapaa. Umefika mwisho wa safari na mwisho hauna anwani. Nilipokuwa mutoto nilisikia huo upungufu bila kujua jina lake. Nilifikiri nimechoka tu.

Hapa wengine watasema: basi, tatizo liko wapi? Wangeacha minara? Hapana. Ninasema wazi kabla hamjaanza kunirushia mawe: kubadilisha ilikuwa sawa. Fikiria mama mwenye mtoto wake alikufa ndani ya mnara, kisha wiki chache baadaye mudogo wa nyumba anaweka sidii, na pale juu ya kaburi watu wanarushiana umeme kwa kufurahi. Hakuna mtu mwenye roho angekubali. Na si wao peke yao walifanya vile. Filamu ya Spider-Man yenye ilitoka 2002 ilikuwa na tangazo lenye kuonyesha helikopta ya wezi imenaswa ndani ya utando kati ya minara miwili. Lile tangazo liliondolewa mara moja. Metal Gear Solid 2, yenye ilitoka mwisho wa 2001, nayo ilikatwa sehemu yenye kuonyesha uharibifu wa Manhattan. Ilikuwa miezi ya kufuta, na wenye kufuta walikuwa watu wenye uchungu.

Shida yangu haiko kwa kufuta. Iko kwa namna ya kufuta.

Angalia kwanza juu ya nini Spider-Man alipata tatizo hili na Superman hakulipata. Superman anaishi Metropolis, Batman anaishi Gotham. Miji hiyo haipo. Ukiibomoa leo, kesho unaichora upya, hakuna mtu analia. Lakini Marvel, tangu miaka ya 1960, walichagua njia nyingine: mashujaa wao waliwaweka ndani ya New York yenyewe. Spider-Man, tangu Stan Lee na Steve Ditko walipomleta mwaka 1962, ni kijana wa Queens, mji wenye unaweza kuupanda ndege ukaenda kuuona. Njo utamu wake. Anaruka kati ya majengo yenye watu wanafanyia kazi kweli. Huo utamu uko na bei yake. Ukiazima mji wa watu, umeazima na misiba yake. Huwezi kuchukua minara siku ya sherehe na kusema haikuhusu siku ya matanga.

Na Marvel wenyewe walijua hivyo, sababu upande wa vitabu vya picha walifanya kitu kingine kabisa. The Amazing Spider-Man namba 36, ya mwisho wa 2001, yenye iliandikwa na J. Michael Straczynski na kuchorwa na John Romita Jr., ilitoka na jalada jeusi. Hakuna mchoro wa shujaa anaruka, ni weusi tu. Ndani, Spider-Man anasimama mbele ya kifusi na hawezi kufanya kitu. Si kitabu bila makosa. Kuna ukurasa wenye maadui wakubwa wa Marvel wamesimama pale, na Doctor Doom analia, na wasomaji wengi waliona hiyo imepita kipimo, juu yule mtu katika hadithi zake ameshaua watu wengi. Mimi pia niliposoma nilitikisa kichwa. Lakini lile jalada linasema kweli. Linasema: hapa kulikuwa kitu, hakiko tena, na hatujui la kusema.

Shujaa ni mmoja, miezi ni ile ile, njia ni mbili. Kitabu kiliweka weusi mahali pa minara. Mchezo uliweka majengo mengine mahali pa minara. Kitabu kinakuambia kuna pengo. Mchezo unakuambia hakuna pengo, hapa kulikuwa hivi tangu zamani, endelea kupigana. Kuomboleza na kufuta si kitu kimoja, hata kama vyote viwili vinaondoa picha.

Rafiki yangu mwenye alileta flash hakukubali. Alisema: "Mukubwa, unawaombea kitu kikubwa sana. Bale walikuwa na wiki chache tu, na ni jeu ya batoto. Ulitaka waweke nini, dakika moja ya kunyamaza katikati ya Electro?" Nilicheka, kisha nikafikiri. Ana haki nusu. Wale vijana wa ofisini walifanya kazi ya haraka na ya heshima, na siwezi kuwalaumu. Lakini mstari mmoja mwanzoni ungetosha. Ao paa tupu, bila jengo la bandia. Kingetosha kitu kidogo chenye kinasema: tumeondoa. Na hata leo, zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwenye kucheza toleo la Oktoba hapati ndani yake alama yoyote kwamba anatembea juu ya kiraka. Ili ajue, lazima atafute lile toleo lenye halikutoka.

Na hapa nina neno pia kwa wenye kutafuta. Wengi wanalionyesha lile toleo kama siri, kama hazina, kwa herufi kubwa na alama za mshangao: tazama kile walitaka usione! Hiyo inanichosha. Kampuni haikukuficha kitu kibaya. Walifunika kidonda. Toleo la majaribio lenye limebaki na vitu vyake vya zamani ni kama shahidi, na shahidi anasikilizwa kwa utulivu.

Sasa nifike kwetu.

Miezi minne baada ya minara ile kuanguka, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka, na moto ukashuka ndani ya Goma. Mnajua yote, wengine kwa kuona, wengine kwa kusimuliwa. Ulipita katikati ya mji, ukala biashara, ukala kanisa kubwa la Saint-Joseph, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila nyumba. Mimi nilikuwa na miaka mine. Ninakumbuka mgongo wa mama na barabara ya Gisenyi yenye watu wengi, na hakuna kingine. Nyumba yetu sikumbuki hata kidogo. Iliungua na kila kitu chenye kilikuwa ndani, na picha zote za familia.

Tulirudi, tukajenga juu ya mawe meusi, kama wengi. Mji wetu ni hodari kwa hiyo. Kabla mawe hayajapoa vizuri watu walikuwa wameanza kuuza unga juu yake. Tunajisifu kwa hilo, na tuko na haki. Lakini mama yangu, kila tukipita mahali fulani, anasema bila kugeuza kichwa: "Hapa njo kulikuwaka nyumba." Mimi naangalia na ninaona depo ya sementi. Hakuna alama. Hakuna kibao. Mwenye hakuwako hawezi kujua.

Usiku ule tulipokuwa tunacheza, mama aliamka kunywa maji. Alisimama nyuma yetu. Mimi nilikuwa juu ya mnara, katika toleo lenye halikutoka, na nilikuwa sipigani. Nilikuwa ninazunguka tu pembeni ya paa, ninaangalia.

"Si njo zile zenye zilianguka?" aliuliza.

Nilimjibu ndiyo, mama, mchezo ulitengenezwa mbele zianguke, kisha wakazitoa.

Alinyamaza kidogo. "Bale bako na picha yao," alisema, akarudi kulala.

Rafiki yangu alifikiri amesema kitu cha kawaida. Mimi nilizima mchezo. Nilielewa juu ya nini nilikuwa ninazunguka pale juu bila kupigana. Nilikuwa ninamuonea wivu mtu wa New York kwa ajili ya sidii moja. Ndani ya mchezo wa watoto, kwa makosa, mahali pake pamebaki, na unaweza kupanda na kutembea. Na hiyo ni New York, mji wenye picha elfu na elfu. Sisi hatuna hata ile moja iliyobaki kwa makosa.

Tena nikakumbuka tarehe 22 Mei 2021, wakati mlima ulipotoka tena usiku. Mimi nilikuwa ninamaliza masomo. Nilikimbia na ordinateri na memwari yangu kwenye flash. Mama hakuchukua sufuria wala matela. Alichukua mfuko wa picha, zile tulizopiga tangu 2002. Wakati ule nilikasirika kidogo. Nilimwambia, mama, tutakula picha? Leo ninaomba msamaha hapa mbele ya watu.

Wenye tulisoma agronomia tunajua kazi ya shimo. Kabla ya kusema kitu juu ya shamba, unachimba mita moja na nusu, unasafisha ukuta, unasoma tabaka. Karibu na volkano zetu, mara nyingi unakuta juu udongo wa leo, chini yake majivu, na chini ya majivu tena udongo mweusi, mzuri, wenye mizizi ya zamani. Huo ni uso wa shamba la zamani, wenye ulizikwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika tabaka la juu peke yake na anapata sifuri. Mwalimu wetu alikuwa anasema udongo hausemi uongo, mwenye kusoma haraka njo anasema uongo.

Toleo lenye halikutoka ni ule udongo mweusi. Halifanyi mchezo wa Oktoba kuwa mbaya. Linatuonyesha mchezo wa Oktoba umesimama juu ya nini. Ndiyo sababu ninasema wenye kulihifadhi walifanya vizuri, hata kama wengine wao wanapiga makelele mengi. Na ndiyo sababu ninasema wenye kulibadilisha walifanya vizuri pia, ila walisahau kuacha alama.

Kati yetu kuna wenye wanatengeneza programu za simu, wenye wanachora ramani za kartie, wenye wanaandika memwari juu ya mji huu. Siku moja mtalazimika kuondoa kitu: jina la barabara, soko, kambi ya wakimbizi, nyumba za watu. Pengine itakuwa lazima, pengine itakuwa heshima. Ondoeni. Lakini acheni mahali pale weusi kidogo, mstari mmoja, tarehe moja, ili mtoto mwenye hakuwako ajue kwamba hapa njo kulikuwaka kitu.

Mimi nimeanza na mama. Siku ya Yuma ya pili nilikaa naye na karatasi. Alinichorea nyumba: mlango, jiko la nje, mti wa avoka, mahali pa kuanika nguo. Mchoro si mzuri, mama hajawahi kushika kalamu ya kuchora. Nimeupiga picha, nimeuweka kwenye flash, pembeni ya SPIDER 2. Kama wazazi wenu wangali hai, waulizeni leo. Msingoje mlima.

Mihogo, wiki ijayo.